Kutoka Mbeya Hadi Iringa: Umbali na Muda wa Safari ya Ndege



Katika masomo yaliyopita tumejifunza kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya. Tumejifunza pia kusoma saa na kusoma barua. Leo tutayatumia mambo hayo yote pamoja. Tutapima umbali kati ya viwanja viwili vya ndege. Kisha tutahesabu muda wa safari.

Huenda utasema: "Mimi ni mkulima. Ndege inanihusu nini?" Soma kwanza habari hii.

Tuseme mama mmoja anakaa Mbalizi, karibu na Mbeya. Ana shauri la shamba alilorithi kwa baba yake. Shauri hilo liko katika baraza la ardhi mjini Iringa. Siku moja anapata barua ya wito. Barua inasema afike mbele ya baraza siku ya Jumatano, saa 3 asubuhi. Asipofika, shauri linaweza kuamuliwa bila yeye kusikilizwa. Shamba linaweza kupotea.

Jirani yake anamwambia: "Panda ndege. Mbeya na Iringa kwa ndege ni dakika 45 tu. Uza ng'ombe wako mmoja upate nauli."

Je, mama huyu auze ng'ombe? Au apande basi? Jibu halipatikani kwa kubahatisha. Jibu linapatikana kwa kuhesabu. Tuhesabu pamoja naye.

1. Viwanja vyetu viwili

Kiwanja cha ndege cha Mbeya kinaitwa Songwe. Kilianza kutumika mwezi wa Desemba mwaka 2012. Kabla ya hapo ndege zilitua katika kiwanja cha zamani kilichokuwa ndani ya mji wa Mbeya. Songwe ni mbali kidogo na mji. Kutoka katikati ya jiji la Mbeya mpaka Songwe ni zaidi ya kilomita 20, kwa barabara ya kwenda Tunduma. Njiani unapita Mbalizi.

Kiwanja cha ndege cha Iringa kinaitwa Nduli. Kiko nje ya mji, upande wa kaskazini mashariki, kwa barabara ya kwenda Dodoma. Kutoka mjini mpaka Nduli ni zaidi ya kilomita 10.

Viwanja vyote viwili viko juu sana kuliko usawa wa bahari. Songwe iko juu kwa zaidi ya mita 1,300. Nduli iko juu kwa zaidi ya mita 1,400. Mahali palipo juu, hewa ni nyepesi kuliko pwani. Ndege huinuliwa na hewa inayopita kwenye mabawa yake. Hewa ikiwa nyepesi, ndege hulazimika kukimbia mbali zaidi chini kabla ya kuinuka. Ndiyo maana kiwanja cha nyanda za juu huhitaji njia ndefu ya kurukia.

Ndege si jambo geni katika nyanda zetu. Mwaka 1932 kampuni ya Kiingereza iliyoitwa Imperial Airways ilikuwa ikirusha ndege kutoka London mpaka Cape Town, Afrika Kusini. Mbeya ilikuwa moja ya vituo vyake vya njiani, baada ya Moshi na Dodoma. Baadaye, mwaka 1946, lilianzishwa Shirika la Ndege la Afrika Mashariki. Shirika hilo lilivunjika mwaka 1977, na mwaka huo huo Tanzania ilianzisha shirika lake.

2. Njia ya gari na njia ya ndege

Kutoka mji wa Mbeya mpaka mji wa Iringa kwa barabara ni kilomita 330 hivi. Gari hupita Uyole, Inyala, Igurusi, Chimala na Igawa. Kisha hufika Makambako. Baada ya Makambako barabara hupinda kuelekea kaskazini. Gari hupita Mafinga, Ifunda na Tanangozi, halafu hufika Ipogolo na kupanda mlima kuingia Iringa.

Tazama jambo hili. Kutoka Mbeya mpaka Makambako gari huelekea mashariki. Kutoka Makambako mpaka Iringa gari huelekea kaskazini mashariki. Barabara inafanya pembe. Inakwepa bonde la Usangu na majimaji yake ya Ihefu.

Ndege haina haja ya kukwepa bonde wala majimaji. Ikitoka Songwe, inaweza kuelekea Nduli moja kwa moja. Hupita juu ya Usangu bila kufika Makambako. Umbali wa mstari huo ulionyooka kutoka kiwanja mpaka kiwanja ni kilomita 305 hivi.

Unaweza kuuliza: mbona tofauti ni ndogo hivyo, kilomita 330 na kilomita 305? Sababu ni kwamba Songwe iko magharibi ya mji wa Mbeya, na Nduli iko upande wa pili wa mji wa Iringa. Viwanja vimeachana zaidi kuliko miji. Ukipima mstari ulionyooka kutoka mji mpaka mji, unapata kilomita 280 hivi.

Jambo la kukumbuka: anayekutajia umbali, muulize, "Kutoka wapi hasa mpaka wapi hasa? Kwa barabara au kwa mstari ulionyooka?" Bila majibu hayo, hesabu yako itakosea.

Hata treni ina njia yake. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na mwaka 1975, hupita Mbeya na Makambako. Lakini haifiki Iringa. Kutoka Makambako reli huteremka kuelekea Mlimba.

3. Kupima umbali kwenye ramani

Kila ramani nzuri ina kipimo chake. Kipimo hukuambia kila sentimita moja ya ramani ni kilomita ngapi za ardhini.

Tuchukue ramani ambayo sentimita 1 ni kilomita 20. Weka rula kutoka Songwe mpaka Nduli. Utapata sentimita 15 na ushee. Sasa zidisha:

15 × 20 = 300

Ule ushee ndio unaotufikisha kwenye kilomita 305.

Barabara haiwezi kupimwa kwa rula, kwa sababu inapinda. Barabara hupimwa kwa uzi. Shika uzi mwembamba. Ulaze juu ya barabara kutoka Mbeya, uupinde pale barabara inapopinda, mpaka Iringa. Kisha nyoosha uzi juu ya rula uone ni sentimita ngapi. Zidisha kwa 20. Kwa njia hii unaweza kupima umbali wa safari yoyote hata kabla ya kuondoka nyumbani.

4. Umbali, mwendo na muda

Sasa tuhesabu muda. Kanuni ni hii:

Muda = umbali ÷ mwendo

Mwendo ni kilomita ambazo chombo kinakwenda kwa saa moja. Ili tupate jibu kwa dakika, tuzidishe umbali kwa 60 kwanza, kwa sababu saa moja ina dakika 60. Kisha tugawanye kwa mwendo.

Katika hesabu za hapa chini tutasema umbali wa ndege ni kilomita 300, ili hesabu iwe rahisi. Kwa hiyo:

300 × 60 = 18,000

Ndege ndogo yenye injini moja, ile inayobeba watu kama kumi, huweza kwenda kilomita 300 kwa saa:

18,000 ÷ 300 = dakika 60, yaani saa moja.

Ndege ya kati yenye rafadha mbili, yaani yale mapanga yanayozunguka mbele ya injini, huweza kwenda kilomita 500 kwa saa:

18,000 ÷ 500 = dakika 36.

Mwaka 2016 Shirika la Ndege la Tanzania lilipokea ndege mbili mpya za rafadha za aina ya Q400. Kila moja ina viti 76. Ndege ya aina hiyo huweza kwenda kilomita 600 kwa saa:

18,000 ÷ 600 = dakika 30.

Na basi je? Basi la abiria haliruhusiwi kisheria kuzidi kilomita 80 kwa saa, na kwenye makazi ya watu kilomita 50. Tena husimama kupakia, kushusha na kukaguliwa. Tuseme kwa wastani linakwenda kilomita 55 kwa saa. Umbali wake ni kilomita 330:

330 × 60 = 19,800
19,800 ÷ 55 = dakika 360, yaani saa sita.

Kwa hesabu hii jirani hakusema uongo. Ndege ikienda moja kwa moja, inaweza kukaa hewani dakika 45 au pungufu. Lakini kukaa hewani ni sehemu moja tu ya safari. Tuendelee.

5. Mambo yanayobadili muda wa ndege

Kwanza, ndege haianzi kwa mwendo wake wote. Hutembea taratibu chini mpaka mwanzo wa njia ya kurukia. Hukimbia, huinuka, hupanda polepole. Inapokaribia kutua hupunguza mwendo. Kwa mambo hayo ongeza kama dakika 15 katika kila safari, iwe fupi au ndefu.

Pili, upepo. Iringa iko kaskazini mashariki ya Mbeya. Wakati wa kiangazi upepo mwingi wa nyanda zetu hutoka mashariki na kusini mashariki. Ndege inayokwenda Iringa inaweza kuukabili upepo. Inayorudi Mbeya inaweza kusukumwa nao. Ni kama mtu anayepiga makasia mtoni: kupanda mto ni kazi, kuteremka ni rahisi.

Tuseme ndege ndogo inakwenda kilomita 300 kwa saa, na upepo wa kilomita 50 kwa saa unaipinga usoni. Mwendo wake juu ya ardhi ni 300 kutoa 50, yaani 250:

18,000 ÷ 250 = dakika 72.

Inaporudi, upepo ule ule unaisukuma. Mwendo ni 300 kuongeza 50, yaani 350:

18,000 ÷ 350 = dakika 51 na ushee.

Kwenda ni saa moja na dakika 12. Kurudi ni dakika 51. Umbali ni ule ule, ndege ni ile ile. Upepo ndio uliofanya tofauti.

Tatu, ukungu na mvua. Sisi watu wa nyanda za juu tunaujua ukungu wa asubuhi. Rubani asipoona njia ya kutulia, hatui. Atasubiri, au atakwenda kiwanja kingine. Abiria asikasirike. Ndege iliyochelewa ni afadhali kuliko ndege iliyoanguka.

6. Ndege hufuata ratiba, haifuati hamu yetu

Sasa tumefika kwenye jambo kubwa. Mstari ulionyooka uko kwenye ramani. Lakini je, ipo ndege ya abiria inayoufuata mstari huo siku unayotaka kusafiri?

Shirika la ndege hupeleka ndege mahali penye abiria wa kutosha. Abiria wengi wa Mbeya huenda Dar es Salaam. Abiria wengi wa Iringa nao huenda Dar es Salaam. Kwa hiyo mtu wa Mbeya anayetaka kwenda Iringa kwa ndege anaweza kuambiwa: "Panda hapa mpaka Dar es Salaam. Ukifika, panda nyingine mpaka Iringa."

Tupime safari hiyo kwa mistari iliyonyooka:

Songwe mpaka Dar es Salaam: kilomita 690 hivi
Dar es Salaam mpaka Nduli: kilomita 390 hivi
Jumla: 690 + 390 = kilomita 1,080

Linganisha. Moja kwa moja ni kilomita 305. Kupitia Dar es Salaam ni kilomita 1,080, zaidi ya mara tatu. Abiria huyu anakwenda mpaka pwani, kisha anarudi nyuma. Nauli anayolipa ni ya safari mbili.

Kwa hiyo, kabla ya kuuza chochote, uliza maswali haya katika ofisi ya shirika la ndege au kwa wakala wake:

Je, ipo ndege ya moja kwa moja?
Inaondoka siku gani na saa ngapi?
Kama si ya moja kwa moja, nitasubiri wapi na kwa muda gani?
Nauli yote ni kiasi gani, pamoja na mizigo?

7. Kusoma saa kwenye tiketi

Mtu anaweza kuhesabu vizuri na bado akaachwa na ndege. Sababu ni saa ya tiketi.

Sisi Waswahili huanza kuhesabu saa jua linapochomoza. Tiketi ya ndege huanza kuhesabu saa usiku wa manane. Tofauti ni saa sita. Tena tiketi haiandiki "asubuhi" wala "mchana". Huhesabu mfululizo kutoka 00:00 mpaka 23:59.

Tiketi ikisema 08:00, wengine husoma "saa nane". Hufika uwanjani saa nane mchana na kukuta ndege iliondoka asubuhi. Kumbe 08:00 ni saa 2 asubuhi. Nauli imepotea.

Shika kanuni hii:

Kuanzia 00:00 mpaka 06:59, ongeza 6. Mfano: 05:00 ni 5 + 6 = saa 11 alfajiri.
Kuanzia 07:00 mpaka 18:59, toa 6. Mfano: 14:30 ni saa 8 na nusu mchana.
Kuanzia 19:00 mpaka 23:59, toa 18. Mfano: 20:00 ni 20 − 18 = saa 2 usiku.

Dakika hazibadiliki. Saa tu ndiyo inayobadilika.

Tiketi huandika pia jina la kiwanja kwa herufi tatu. MBI ni Mbeya. IRI ni Iringa. DAR ni Dar es Salaam. Ukiona MBI kisha DAR kisha IRI, ujue unapitia Dar es Salaam. Soma herufi hizo kabla ya kutoa fedha. Soma pia tarehe na jina lako. Jina la tiketi lifanane na jina la kitambulisho chako.

8. Tumsaidie mama wa Mbalizi

Sasa turudi kwenye barua ya wito. Tutahesabu safari yote, kutoka mlango wa nyumba yake mpaka mjini Iringa. Tutahesabu kwa njia tatu.

Njia ya kwanza: ndege ya moja kwa moja, kama ipo

Mbalizi mpaka Songwe: dakika 30
Kufika mapema na kusubiri uwanjani: dakika 120
Ndege ndogo, dakika 60 na zile 15 za kuruka na kutua: dakika 75
Kuchukua mzigo: dakika 15
Nduli mpaka mjini: dakika 30
Jumla: dakika 270, yaani saa nne na nusu

Njia ya pili: ndege kupitia Dar es Salaam

Mbalizi mpaka Songwe: dakika 30
Kusubiri uwanjani: dakika 120
Songwe mpaka Dar es Salaam, kwa ndege ya kilomita 600 kwa saa, dakika 69 na zile 15: dakika 84
Kusubiri ndege ya pili, tuseme: dakika 180
Dar es Salaam mpaka Nduli, dakika 39 na zile 15: dakika 54
Kuchukua mzigo: dakika 15
Nduli mpaka mjini: dakika 30
Jumla: dakika 513, yaani saa nane na dakika 33

Na ikiwa ndege ya pili ni ya kesho yake, mama atalala Dar es Salaam na kulipia chumba.

Njia ya tatu: basi

Mbalizi mpaka stendi ya Mbeya: dakika 45
Kusubiri basi: dakika 30
Safari: dakika 360
Stendi ya Iringa mpaka mjini: dakika 15
Jumla: dakika 450, yaani saa saba na nusu

Umeona? Basi linaishinda ndege inayopitia Dar es Salaam kwa zaidi ya saa moja. Ndege ya moja kwa moja inalishinda basi kwa saa tatu. Lakini zile dakika 45 alizotaja jirani hazionekani popote. Kila njia inakula saa nyingi, kwa sababu kuna kwenda uwanjani, kusubiri na kutoka uwanjani.

Sasa mama ahesabu kurudi nyuma. Anatakiwa barazani Jumatano saa 3 asubuhi. Ni vizuri awepo saa 2. Akitumia basi anahitaji saa saba na nusu. Akitoka nyumbani Jumatano alfajiri, atachelewa. Akitoka Jumanne saa 2 asubuhi, atafika Iringa Jumanne saa 9 na nusu alasiri. Hata basi likiharibika na kuchelewa saa tatu, atafika siku hiyo hiyo. Atalala kwa ndugu au katika nyumba ya wageni. Asubuhi atakwenda barazani akiwa amepumzika, na hati zake zote mkononi.

Na ndege ya moja kwa moja je? Ndege ikiondoka Songwe Jumatano asubuhi, tuseme 07:00, yaani saa 1 asubuhi, itatua saa 2 na robo. Mzigo na gari la kwenda mjini ni dakika 45 nyingine. Ni saa 3 kamili. Ukungu wa dakika kumi tu utamchelewesha. Kwa hiyo hata kwa ndege ingemlazimu kuondoka Jumanne. Kama ni lazima kuondoka Jumanne kwa njia zote, ng'ombe auzwe kwa sababu gani?

Ng'ombe abaki zizini. Mama apande basi Jumanne.

9. Ndege inafaa wakati gani?

Somo hili halisemi kwamba ndege haina faida. Linasema tupime.

Tazama safari ya Mbeya mpaka Dar es Salaam. Kwa barabara ni zaidi ya kilomita 800. Tuchukue 825:

825 × 60 = 49,500
49,500 ÷ 55 = dakika 900, yaani saa 15.

Kwa ndege, pamoja na kusubiri uwanjani na kuingia mjini Dar es Salaam, ni kama saa tano. Hapa ndege inaokoa saa kumi hivi. Mtu mwenye haraka ya kweli atapata faida.

Kwa nini iwe hivyo? Kwa sababu muda wa kusubiri uwanjani haupungui safari ikiwa fupi. Ni ule ule kwa safari ya kilomita 300 na kwa safari ya kilomita 700. Kwa hiyo safari inavyokuwa ndefu ndivyo ndege inavyozidi kuokoa muda. Safari ikiwa fupi, sehemu kubwa ya muda huishia kwenye kiti cha kusubiria.

Kuna wakati pia ndege haipimwi kwa nauli. Mgonjwa mahututi hawezi kukaa saa sita barabarani. Madaktari warukao wa AMREF walianza kazi yao Afrika Mashariki mwaka 1957. Ndege ya aina hiyo hainunuliwi tiketi wala haisubiri abiria wengine. Huja pale palipo na mgonjwa na kwenda hospitali moja kwa moja. Hapo ule mstari ulionyooka unaokoa maisha.

Maneno ya kukumbuka

Umbali: urefu wa njia kutoka mahali mpaka mahali.
Mwendo: kilomita zinazosafiriwa kwa saa moja.
Wastani: kiasi cha kati, ukichanganya mwendo wa haraka na wa polepole.
Kipimo cha ramani: maelezo ya sentimita moja ni kilomita ngapi.
Rubani: mtu anayeendesha ndege.
Wito: barua ya kumtaka mtu afike mbele ya baraza au mahakama.

Maswali ya hesabu

1. Ndege inakwenda kilomita 400 kwa saa. Itasafiri kilomita 300 kwa dakika ngapi?
2. Basi linakwenda kwa wastani wa kilomita 60 kwa saa. Litasafiri kilomita 330 kwa muda gani?
3. Kwenye ramani, sentimita 1 ni kilomita 20. Umepima sentimita 7 kati ya miji miwili. Umbali ni kilomita ngapi?
4. Tiketi inasema 16:20. Ni saa ngapi kwa Kiswahili?
5. Tiketi inasema 05:45. Ni saa ngapi kwa Kiswahili?

Maswali ya kuzungumza katika darasa

1. Je, mama wa Mbalizi angekuwa anampeleka mtoto mgonjwa sana, tungemshauri vingine? Kwa nini?
2. Taja safari moja wanakijiji wetu wanayoifanya mara kwa mara. Hesabuni muda wake kutoka mlango wa nyumba mpaka mwisho wa safari. Ni sehemu gani inayokula muda mwingi?
3. Mtu akisema "ni karibu tu" au "ni dakika chache tu", tumuulize maswali gani?

Kazi ya kikundi

Chukueni ramani ya Tanzania, rula na uzi. Pimeni umbali kutoka wilaya yenu mpaka makao makuu ya mkoa. Pimeni kwanza kwa rula, kisha kwa uzi kwa kufuata barabara. Andikeni majibu yote mawili ubaoni. Elezeni kwa nini hayalingani.

Majibu ya hesabu

1. Dakika 45. 2. Dakika 330, yaani saa tano na nusu. 3. Kilomita 140. 4. Saa 10 na dakika 20 alasiri. 5. Saa 11 na dakika 45 alfajiri, yaani saa 12 kasoro robo.